MAGARI ADIMU YA MASHINDANO: MALI AU MZIGO?

Wiki hii tunaweka kando bei za saruji, mahindi na mananasi, tuzungumzie bidhaa ambayo haionekani sokoni kila siku, lakini inapoonekana huweza kumeza mtaji wa miaka kumi kwa siku moja. Bidhaa hiyo ni gari adimu la barabarani lililotengenezwa kwa ajili ya kuruhusu gari la mashindano kushindana.

Mfanyabiashara wa Kongowe anayepita yadi za magari ya mitumba kando ya Barabara ya Morogoro anaweza kukutana na dalali mwenye maneno matamu. Atamwonyesha Celica, Lancer au Impreza ya zamani na kumwambia kwamba hiyo si gari ya kawaida, ni ile ya Safari Rally, zilitengenezwa chache duniani na bei yake inapanda kila mwaka. Atamaliza kwa kusema kuwa ni afadhali kuweka fedha humo kuliko benki.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana mtego pia. Shabaha ya makala haya ni kumsaidia msomaji kuutenganisha ukweli na mtego kabla hajafungua mkoba.

ASILI YA MAGARI HAYA

Mashindano ya magari duniani husimamiwa na shirikisho la kimataifa lijulikanalo kwa kifupi kama FIA. Tangu zamani shirikisho hilo limekuwa na sharti moja kwa mashindano mengi: kampuni inayotaka kushindana kwa gari fulani sharti kwanza ithibitishe kwamba gari hilo linatengenezwa na kuuzwa kwa watu wa kawaida, kwa idadi iliyowekwa. Uthibitisho huo ndio unaoitwa homologesheni.

Sababu ya sharti hilo ni rahisi kueleweka. Bila ya hilo, kampuni tajiri ingetengeneza gari moja la ajabu, ishinde kila mahali, halafu itangaze kwamba magari yake ya dukani ni bora. Shirikisho lilitaka gari linaloshinda liwe na ndugu zake barabarani.

Lakini wahandisi nao si watoto. Badala ya kupeleka mashindanoni gari la kawaida, walianza kutengeneza gari la mashindano kwanza, kisha wakaunda nakala za barabarani kwa idadi ile ile inayotakiwa na sheria. Nakala hizo zilikuwa na viti, redio na namba za usajili, lakini mifupa yake ilikuwa ya mashindano. Hapo ndipo ilipozaliwa bidhaa tunayoizungumzia.

Kampuni ya Ferrari ya Italia iliuweka ukweli huo ndani ya jina lenyewe. Herufi GTO katika gari lake la mwaka 1962, Ferrari 250 GTO, husimamia maneno ya Kiitaliano yenye maana ya gari la safari kubwa lililopata homologesheni. Yalitengenezwa 36 tu, wakati kanuni zilidai 100; yakapita kwa hoja kwamba ni namna nyingine ya gari la 250 GT lililokwisha kukubaliwa. Mwaka 2018 moja kati ya hayo 36 liliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa Dola milioni 48.4.

Gari la namna hiyo halihusiki na mfuko wa msomaji wetu. Tumelitaja ili ionekane kwamba thamani hapa haitokani na ukubwa wa gari wala uzuri wa viti vyake. Inatokana na uchache wenye sababu inayothibitika.

IDADI ZINAZOTENGENEZA BEI

Kwa mbio za rali, idadi iliyotakiwa imebadilika mara kadhaa, na kila badiliko limeacha nyuma yake kundi la magari yenye bei yake.

Katika Kundi la 4 la miaka ya 1970, idadi ilifikia magari 400. Ndipo kampuni ya Opel ikatoa Ascona 400, na tarakimu hiyo ya 400 ndiyo idadi yenyewe iliyotakiwa. Lancia Stratos ya Italia, iliyotengenezwa chini ya magari 500 kwa jumla, nayo ni ya kundi hilo.

Mwaka 1982 likaja Kundi B, ambalo lilidai magari 200 tu. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, kampuni zilijiachia. Peugeot ikatoa 205 Turbo 16, Ford ikatoa RS200, na Nissan ikatoa 240RS. Kasi ya magari hayo ilizidi uwezo wa barabara na wa watu. Baada ya ajali za mwaka 1986 huko Ureno na Corsica, ambako dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walifariki, Kundi B lilifutwa mwisho wa mwaka huo.

Kuanzia mwaka 1987 Kundi A likawa ndilo kundi kuu. Hilo lilidai magari 5,000, na kuanzia mwaka 1993 idadi ikapunguzwa hadi 2,500. Haya ndiyo magari yaliyo karibu zaidi na mkono wa Mtanzania: Toyota Celica GT-Four, Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza.

Mwaka 1997 kanuni zikageuka tena. Kampuni ikaruhusiwa kujenga gari la mashindano kutokana na gari la kawaida linalotengenezwa kwa wingi, bila kulazimika kuuza nakala maalumu. Kwa hiyo msomaji akumbuke: magari mengi yanayotangazwa kuwa "toleo la rali" baada ya mwaka huo ni matoleo ya kibiashara au ya kumbukumbu, siyo ya homologesheni. Isipokuwa Mitsubishi, ambao waliendelea na kanuni za Kundi A hadi mwaka 2001.

Mfano mzuri ni Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998. Yalitengenezwa 400 kwa soko la Japani na machache kwa Uingereza na Australia. Halikuwa la homologesheni. Lilikuwa la kusherehekea miaka 40 ya magari ya Subaru na ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo. Hata hivyo bei yake imezipita za magari mengi ya homologesheni halisi. Kumbe soko halinunui cheti peke yake. Linanunua pia hadithi, mradi hadithi iwe ya kweli.

SAFARI RALLY ILITUFUNDISHA NINI

Watu wa Afrika Mashariki wana haki ya kulizungumzia jambo hili kwa sauti, maana mashindano yetu yamekuwa kipimo cha magari haya kwa miaka mingi. Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Iliingia katika ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1973, ikatoka baada ya mwaka 2002, na ikarudi mwaka 2021 nchini Kenya.

Miaka ya mwanzo washindi walikuwa na magari ambayo mtu angeweza kuyanunua dukani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lililojulikana kila kona ya nchi hii. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na akashinda mara nne mfululizo kwa Datsun kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Lancia Stratos ilikuja na sifa zote za dunia lakini haikushinda Safari hata mara moja. Mwaka 1975 Stratos mbili zilimaliza nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Vivyo hivyo, Peugeot 205 Turbo 16, iliyotawala kwingineko, haikushinda hapa. Miaka ya Kundi B washindi wa Safari walikuwa Opel Ascona 400 mwaka 1983 na Toyota Celica Twincam Turbo mwaka 1984, 1985 na 1986. Magari hayo mawili yalikuwa ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye ufundi wa kawaida ukilinganisha na wenzao.

Somo kwa mwekezaji ni kwamba uchache ni jambo moja na uimara ni jambo jingine. Gari linaweza kuwa adimu kwa sababu lilikuwa gumu kutengeneza, na likawa gumu pia kulitunza. Anayenunua Stratos hanunui gari la kupita Kisarawe wakati wa masika.

CELICA: TOFAUTI YA CC 21

Toyota ndiyo kampuni yenye magari mengi ya aina hii yanayohusiana na historia yetu, kwa hiyo tuitumie kama darasa.

Celica iliyoshinda mara tatu katika miaka ya 1980 ilitokana na toleo lililoitwa GT-TS, ambalo yalitengenezwa magari 200. Celica ya kawaida yenye tabo ya wakati huo ilikuwa na injini ya cc 1,770. GT-TS ilikuwa na cc 1,791. Tofauti ni cc 21 tu, na dereva wa kawaida asingeihisi.

Kwa nini kampuni isumbuke kwa cc 21? Kwa sababu kanuni zilizidisha ujazo wa injini yenye tabo kwa 1.4 kabla ya kulipanga gari katika daraja lake. 1,770 mara 1.4 ni 2,478, yaani chini ya daraja la cc 2,500. 1,791 mara 1.4 ni 2,507, yaani juu kidogo ya mpaka huo. Kwa kuvuka mpaka kwa makusudi, Toyota ilipata ruhusa ya kukuza injini ya gari la mashindano hadi cc 2,090 na kubaki ndani ya daraja la cc 3,000.

Hivyo cc 21 ndizo zinazotenganisha Celica ya kawaida na mojawapo ya magari 200. Mwenye macho tu hataziona. Mwenye kusoma namba ya injini na kibao cha chesi ndiye atakayezijua.

Baadaye likaja Celica GT-Four, lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne. Aina ya ST165 ilishinda Safari mwaka 1990 mikononi mwa Björn Waldegård. Iliyofuata, ST185, ilishinda mara nne mfululizo: mwaka 1992 kwa Carlos Sainz, 1993 kwa Juha Kankkunen, 1994 kwa Ian Duncan wa Kenya na 1995 kwa Yoshio Fujimoto.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Siyo kila ST185 ni adimu. Toleo la homologesheni lilikuwa la magari 5,000, na kati ya hayo 1,800 yaliuzwa Japani kwa jina la GT-Four RC. Katika nchi nyingine yaliuzwa kwa majina mengine, likiwamo lile la dereva Carlos Sainz. RC hutofautiana na ndugu yake kwa boneti na bampa la mbele, na zaidi kwa intakula inayopozwa kwa maji badala ya hewa. Bodi inaweza kubadilishwa gereji kwa siku mbili. Mfumo wa kupozea ni kazi kubwa zaidi, ndiyo maana fundi mzuri huanza kuangalia huko.

ST205 nayo ilikuwa na toleo la WRC la magari 2,500, na 2,100 kati ya hayo yalibaki Japani. Kwa kuwa magari mengi ya mitumba ya nchi yetu hutoka Japani, kukutana na mojawapo si muujiza. Muujiza ni kulikuta likiwa zima na vifaa vyake vyote.

KWA NINI BEI ZILIPANDA

Kuna sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni umri wa wanunuzi. Vijana waliobandika picha za magari haya ukutani katika miaka ya 1990 sasa ni watu wazima wenye fedha zao, hasa Ulaya, Marekani na Japani.

Ya pili ni sheria ya Marekani. Nchi hiyo huzuia magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vyake, lakini gari likitimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia. Lancer Evolution ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992, ilianza kuruhusiwa mwaka 2017. Impreza 22B ya mwaka 1998 ilianza mwaka 2023. Kila gari linapokaribia umri huo, wanunuzi wa Marekani huingia sokoni Japani na kuongeza ushindani. Hivyo sehemu ya ongezeko la bei hutokea kabla ya tarehe yenyewe, na anayesubiri tarehe ifike hununua kwa bei iliyokwisha panda.

Ya tatu ni kupungua kwa magari yenyewe. Mengi yaligongwa, yalikatwa spea, au yaligeuzwa ya mashindano. Lililobaki zima linazidi kuwa peke yake.

Mifano ya minada ipo. Mwaka 2021 Lancer Evolution VI toleo la Tommi Mäkinen, lililokuwa la kampuni ya Mitsubishi yenyewe nchini Uingereza, liliuzwa Pauni 100,100. Mwaka 2023 Impreza 22B ya majaribio iliyokuwa ya Colin McRae, mshindi wa Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, iliuzwa Pauni 480,500.

Msomaji aziangalie vizuri bei hizo. La kwanza lilikuwa la kampuni iliyolileta sokoni, na la pili lilikuwa la bingwa wa dunia. Wauzaji hupenda kutaja bei za magari kama hayo wanapouza gari lililopita mikono sita na kupakwa rangi mara tatu. Ni sawa na mtu kutaja bei ya kiwanja cha Kariakoo anapouza pori.

HESABU YA KUINGIZA GARI NCHINI

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa bidhaa hii mahesabu yaanze asubuhi.

Tuseme mfanyabiashara wa Kongowe mwenye duka la vifaa vya ujenzi amejibana na kutenga shilingi milioni 40, naye amepata GT-Four RC huko Japani ambayo, pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam, inamgharimu kiasi hicho hicho. Kwa viwango vilivyozoeleka katika miaka ya karibuni, hesabu yake huenda hivi:

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi milioni 10. Jumla inakuwa milioni 50.

Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haizidi cc 2,000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani milioni 2.5. Injini ya gari hilo ni cc 1,998, kwa hiyo imeponea chupuchupu. Ingezidi 2,000 ingelipa asilimia 10.

Ushuru wa uchakavu kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30 ya ile milioni 50, yaani milioni 15.

Jumla sasa ni milioni 67.5. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake ni milioni 12.15.

Gari limefika shilingi milioni 79.65, kabla ya tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha na usajili. Kwa maneno mengine, kodi peke yake inakaribia bei ya gari. Na mamlaka ya mapato, TRA, hutumia makadirio yake ya thamani, siyo lazima bei iliyo kwenye ankara yako. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo mhusika aulize kabla ya kutuma fedha.

Sasa tazama upande wa kuuza. Mnunuzi wa Japani au Marekani hajali kodi uliyolipa Dar es Salaam. Atakupa bei ya dunia. Kwa hiyo gari ulilonunua kwa milioni 40 sharti bei yake ya dunia ipande maradufu ndipo urudishe fedha zako, bila kuhesabu nauli ya kulirudisha. Ukitaka kuuza kwa jirani, Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Wanabaki wanunuzi wa hapa nchini, ambao ni wachache.

Hii ndiyo hoja kuu ya makala haya. Kuagiza gari adimu kutoka nje kwa nia ya kuliuza kwa faida ni biashara inayoanza na hasara ya nusu ya mtaji.

NAFASI ILIPO

Je, hakuna nafasi kabisa? Ipo, lakini ni nyembamba. Ipo kwa gari ambalo tayari limo nchini na kodi yake ililipwa zamani, wakati lilipohesabiwa kuwa mtumba wa kawaida. Gari kama hilo huuzwa kwa bei ya soko la hapa, na mara nyingine mwenye nalo hajui alichonacho.

Tatizo ni kwamba mengi ya magari hayo hayakukaa kivulini. Yaliingia kwenye mbio za hapa nyumbani, yakavuliwa viti, yakafungwa vyuma vya kinga ndani na yakabadilishwa injini. Gari la namna hiyo linaweza kuwa chombo kizuri cha mashindano, lakini kwa mkusanyaji wa nje thamani yake imepungua sana, isipokuwa kama lina historia ya ushindi inayothibitika kwa nyaraka.

JINSI YA KULITAMBUA

Kabla ya kutoa hata shilingi ya rubuni, mnunuzi afanye yafuatayo.

Kwanza, asome namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi, siyo iliyoandikwa kwenye kadi peke yake, kisha azilinganishe. Lancer Evolution ya kwanza huanza na CD9A. Lancer GSR ya kawaida yenye tabo na injini ya cc 1,800 huanza na CD5A. Bodi zake zinafanana, na boneti ya Evolution huweza kufungwa juu ya GSR. Herufi na tarakimu hizo nne ndizo zinazosema ukweli. Evolution ya pili na ya tatu huanza na CE9A, ya nne CN9A, ya tano na ya sita CP9A.

Pili, aangalie injini. Impreza inayoitwa 22B lakini ina injini ya lita 2.0 badala ya 2.2 ina maswali ya kujibu.

Tatu, aombe karatasi za Japani: cheti cha kusafirishia nje na karatasi ya mnada yenye daraja la gari na kilomita zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari adimu bila karatasi ni gari kuukuu tu.

Nne, amlipe fundi wake mwenyewe, asiyehusiana na muuzaji, alikague chini kwa taa. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Kutu huanzia kwenye sakafu na matao ya magurudumu, mahali ambapo rangi mpya hupendwa kupulizwa.

Tano, ahakikishe TRA kwamba kadi ni halali, kodi ililipwa, na muuzaji ndiye mwenye gari.

Muuzaji wa kweli hatakasirishwa na maswali hayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

GHARAMA ZA KULIKALIA

Gari si hisa wala dhamana ya Serikali. Hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, hazili kitu zikiwa kabatini, na nyingine hutoa gawio. Dhamana za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu hulipa riba kwa tarehe inayojulikana. Gari halitoi gawio. Linadai banda lenye paa na sakafu kavu, betri, mafuta ya injini, mipira inayozeeka hata isipotembea, na mlinzi.

Bima nayo ina matatizo yake. Bima kubwa ya kawaida huangalia thamani ya soko, na kampuni isiyolijua gari hilo italihesabu kama Celica kuukuu. Mwenye gari adimu apatane na kampuni juu ya thamani kwa maandishi, kabla ya ajali na siyo baada yake.

Tena gari adimu likitumiwa kila siku hupoteza uadimu wake. Kila kilomita kwenye vumbi la Kibaha ni fedha inayotoka. Likifungiwa bila kuwashwa nalo huharibika. Kwa hiyo mwenye nalo hubaki katikati, analiwasha kidogo na kulitembeza kidogo, huku akilipia siku zote.

USHAURI WETU

Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake ndio unaozungusha duka, jibu ni fupi: asiingie. Milioni 40 katika saruji na mabati huzunguka mara kadhaa kwa mwaka. Katika Celica hukaa kimya, na siku ya shida haziuziki kwa haraka bila kupunguziwa.

Kwa mwenye akiba ambayo hataigusa kwa miaka kumi, na ambaye tayari ana hisa, dhamana au kiwanja, gari halisi lililo nchini, lenye namba zinazolingana na karatasi zake zote, linaweza kuwa sehemu ndogo ya mali yake. Alinunue kwa bei ya gari kuukuu, siyo kwa bei ya mnada wa London.

Na kwa anayelipenda tu kwa sababu alimwona Ian Duncan akipita kwenye vumbi mwaka 1994, hatuna neno. Huyo ananunua furaha, na furaha haina asilimia. Tunamwomba jambo moja tu: aiandike katika daftari la matumizi, asiiandike katika daftari la biashara.